Dakika Thelathini na Tano

Ukimuuliza mtu mwingine yeyote pale Shinyanga, Geita ni mbali kiasi gani, atakuuliza kwanza unakwenda na gari gani. Mzee wa Uwanja hakuuliza. Alitazama juu kidogo, upande wa kaskazini-magharibi, akasema: dakika thelathini na tano. Upepo ukisukuma kutoka nyuma, thelathini na mbili. Upepo ukija usoni, arobaini, na hapo rubani awe anajua kazi yake.

Nilimfahamu kwa miaka kumi na minne. Zahanati niliyofanyia kazi ya uuguzi ilitazamana na uwanja mdogo wa ndege, nje kidogo ya mji, na yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa uwanja huo. Alifyeka nyasi, alifukuza ng'ombe, alijaza moramu kwenye mashimo yaliyochimbwa na mvua, alibadilisha ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea, na aliongea na marubani kwenye redio. Yote hayo aliyafanya peke yake. Alikozaliwa sikuwahi kumuuliza, na ukoo wake niliujua juu juu tu. Jina lake nalijua vizuri, ila sitaliandika. Yeye na mkewe hawapo tena, na bila hivyo nisingeandika hata haya.

Ndege zenyewe hazikuwa nyingi. Mara mbili kwa wiki ilikuja ndege ndogo ya kukodi, ya abiria kumi na wawili, ikachukua mafundi na wapima miamba na kuwapeleka kwenye kiwanja cha mgodi upande wa Geita. Viwanja vyote viwili vilikuwa vya vumbi. Chetu kilikuwa na kibanda cha matofali na benchi moja. Cha huko, nilivyosimuliwa, kilikuwa na kontena na tanki la maji. Hakuna aliyekuja kupunga mkono. Lakini yeye aliviongelea viwanja hivyo viwili kama watu wengine wanavyoongelea Dar es Salaam na Dodoma.

Ndani ya kibanda alibandika ramani ya mkoa wetu na mikoa jirani. Alikuwa amepiga msumari mmoja Shinyanga na mwingine Geita, akavuta uzi mwekundu katikati, umenyooka kabisa. Kilomita mia moja na sitini hivi, alisema. Barabara hakuichora. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba barabara haina umbali wake yenyewe, inategemea dereva amesimama mara ngapi kununua mahindi ya kuchoma.

Alivaa saa mbili, moja kila mkono. Ya kushoto ilikuwa ya kwetu sote. Ya kulia aliiita saa ya ndege, kwa sababu marubani duniani kote hutumia saa moja ile ile ili wasigongane kwa kutoelewana. Basi saa tatu asubuhi yetu, kwake mkono wa kulia ilikuwa saa sita kwa hesabu ya kizungu. Watu wa mtaani walimcheka. Mimi mwenyewe nilimcheka, mpaka siku moja alipokuja zahanati na homa kali, nikamuuliza ameanza kutetemeka saa ngapi, akanitajia muda kwa saa zote mbili huku meno yanagongana.

Hizo dakika zake alimgawia kila mtu. Mgonjwa wangu akitoka Kahama, alimwambia ametoka dakika ishirini. Wa Samuye alitoka dakika tano. Padri alipotuaga kwamba anahamishiwa Ushirombo, watu walihuzunika, yeye akamwambia asijali, ni karibu sawa na Geita. Nadhani ilikuwa namna yake ya kufariji. Mtu akikuambia kwamba aliko mwanao ni dakika fulani tu, hata kama huna ndege, moyo unatulia kidogo.

Hata hivyo hakuwa mtu mpole wa siku zote. Kwenye redio sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Akiizima na kumwona ng'ombe kwenye njia ya ndege, alifoka mpaka wagonjwa wangu wakatoka nje kutazama. Kuna mfugaji mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye Mzee alimsema vibaya mbele ya watu kwa sababu ya ndama wawili. Jioni ile ile alimfuata nyumbani kwake na chupa ya dawa ya kupe, akakaa naye, wakaongea Kisukuma mpaka jua likazama. Kuomba radhi hakuomba. Dawa aliiacha.

Na mtu huyo aliyejua njia zote za angani alipotea katika mtaa wa Nyasubi, mjini Kahama. Alikwenda huko kumnunulia mkewe cherehani, akaingia sokoni, akashindwa kutoka. Alinipigia simu mimi niliyekuwa Shinyanga nimwelekeze stendi iko wapi. Nikamuuliza anaona nini mbele yake. Akasema anaona watu.

Mkewe, Mama Masanja, alikuwa mwanamke wa maneno machache na kazi nyingi. Alikuwa na shamba la mpunga na choroko kwao Samuye, na nyakati za palizi alikaa huko wiki nzima. Mtoto wao mmoja tu ndiye aliyekua, huyo Masanja. Baada ya kidato cha nne kijana alikwenda Geita kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, kwenye maduara, kama wenyewe wanavyoyaita mashimo yao. Baba hakupenda. Hakumkataza pia. Kila Jumapili baada ya misa Masanja alipiga simu, na mara nyingi nilikuwapo, kwa sababu mimi na mkewe tulikuwa tunarudi pamoja kutoka kanisani. Mzee alipokea, akauliza swali lile lile: upepo huko unatokea wapi leo? Kijana alikuwa anatoka nje kuangalia kweli, tunasikia mlango, halafu anajibu. Baada ya hapo simu anapewa mama. Nilifikiri ni baridi ya baba na mwana. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba baba alitaka kujua angechukua dakika ngapi kufika.

Jambo moja lililonifanya nimchukie lilitokea katika mwaka wangu wa sita pale.

Alikuja mama mmoja kijana kutoka Samuye, ana mtoto mchanga mgongoni. Mumewe alikuwa kibarua huko huko upande wa Geita, amevunjwa miguu na gari la mawe, na ndugu wamempigia simu kwamba hali ni mbaya. Ilikuwa siku ya ndege. Tuliiona pale, mlango uko wazi, na abiria walikuwa wanne. Nilimshika mkono yule mama tukavuka barabara. Nilimweleza Mzee wa Uwanja kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia karatasi yake.

"Jina lake halimo kwenye orodha, Mama Kulwa," akasema.

Nikamwambia viti ni vitupu. Akasema kiti kitupu si chake yeye kumgawia mtu. Nikamwambia amuulize rubani. Akasema rubani ana kazi yake na yeye ana yake. Hakupandisha sauti hata kidogo. Yule mama hakulia wala kubembeleza. Alimfunga mtoto vizuri, akauliza stendi iko upande gani. Ndege ikapaa na viti vinane havina mtu.

Nilikaa karibu miezi miwili bila kumsalimia. Tulikutana njiani, akasema "mwangaluka", nikapita kama sikusikia. Kilichomaliza ugomvi wetu ni yule mama mwenyewe. Alimkuta mumewe hai, wakarudi wote Samuye, mume akitembelea magongo, na siku moja akaja na debe la karanga, nusu yangu na nusu ya Mzee wa Uwanja. Alisema hana kinyongo, kila mtu ana sheria za kazi yake. Mzee alizipokea zile karanga kwa mikono miwili akasema "wabeja". Sikumbuki kumwona akizila.

Nikaanza kumwelewa, au nilidhani hivyo. Niliona kwamba hata yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Marubani walimpenda, na mmoja wao, kijana wa Arusha mcheshi sana, alimwambia zaidi ya mara moja apande waende Geita warudi siku hiyo hiyo, aone uzi wake mwekundu kutoka juu. Mzee alikuwa anatikisa kichwa na kuuliza ng'ombe atabaki nao nani. Mizigo aliwapokeza abiria akiwa chini, mikono imenyooshwa, hata ngazi hakuikanyaga. Kwangu mimi hiyo ilikuwa heshima. Nilimwona kama mtunza sadaka asiyeonja divai.

Masanja aliangukiwa na duara mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimelainisha udongo.

Simu ilikuja saa mbili asubuhi kutoka kwa mchimbaji mwenzake. Nilikuwa nafungua dirisha la dawa nilipomwona Mzee wa Uwanja amesimama nje ya zahanati, simu mkononi. Nikatoka. Alinieleza kwa mpangilio, kama anavyosoma taarifa ya hali ya hewa: nguzo za matimba zinazoshikilia udongo zimeteleza, udongo umeshuka, wenzake wawili wametolewa wamekufa, Masanja ametolewa akiwa hai, kifua kimebanwa, yuko hospitali Geita, ana fahamu, anamuulizia baba yake. Mkewe alikuwa Samuye kwenye palizi. Alikuwa bado hajampigia.

Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, ndege ilikuwa imeshatua. Ilikuwa imeleta watu kutoka mgodini na ilikuwa inarudi huko huko baada ya nusu saa, na abiria watatu. Sikumngoja aseme. Nilikimbia mwenyewe mpaka kwa rubani, yule kijana wa Arusha, nikamwambia. Hakuniuliza swali hata moja. Alishuka, akamfuata Mzee, akamshika bega.

"Panda, Mzee. Saa nne haijafika utakuwa umemshika mkono mwanao."

Mzee wa Uwanja alitazama ile ndege. Nakumbuka alivyoitazama, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Midomo ilikuwa imekauka. Akasema jina lake halimo kwenye orodha.

Rubani alichukua ile karatasi mkononi mwake, akaiweka juu ya goti, akaandika jina. Akamwonyesha. "Sasa limo," akasema.

Mzee aliitazama karatasi muda mrefu. Halafu akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akasema hapana. Akamgeukia mfugaji aliyekuwa anapita mbali na kumpungia asogeze mifugo, njia iwe wazi. Nilimshika shati. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa kwetu hamwambii mzee wa umri ule. Ndege ikawashwa, ikazunguka, ikaondoka, na alisimama pale mpaka ilipoacha kusikika, mikono imebana mapaja. Ndipo akapanda bodaboda kwenda stendi.

Basi lilimchukua mkewe njiani, pale Samuye. Wakabadilisha gari Kahama. Barabara ya kutoka Kahama kuelekea Geita ilikuwa imekatwa na maji sehemu moja, wakashuka, wakavuka kwa miguu, wakangoja gari jingine ng'ambo. Masanja alikufa saa saba mchana. Wao walifika hospitali saa kumi kasoro. Muuguzi aliyekuwa naye aliwaambia kwamba alikuwa anaongea mpaka karibu na mwisho, na kwamba aliuliza mara kadhaa kama ndege imeshatua.

Tulimzika Samuye, pembeni ya shamba la mama yake.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo nililoshindwa kulizoea. Watu walianza kumsifu. Habari ilienea kwamba ndege ilikuwapo, kiti kilikuwapo, jina liliandikwa, naye akakataa kwa sababu alishamkatalia maskini mwingine kabla. Padri aliligusa katika mahubiri ya maziko. Yule mama wa Samuye alikuja msibani na mumewe wa magongo, akamwinamia Mama Masanja na kumwambia kwamba Mzee wa Uwanja ni mtu wa haki, hakujipendelea hata kwa damu yake. Nilisikia wanaume kwenye mkeka wakisema viongozi wote wangekuwa hivyo nchi ingekwenda. Mzee wa Uwanja alikaa katikati yao ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni, huyu ni mtu mkubwa kuliko sisi. Nikaona aibu kwa yale niliyomwambia.

Alifanya kazi miaka mingine mitatu. Nyasi alifyeka, ng'ombe alifukuza, ingawa hakufoka tena. Saa ya mkono wa kulia ilikwisha betri, hakununua nyingine; akawa anakokotoa kichwani. Ramani aliiacha ukutani ila uzi aliung'oa pamoja na misumari, yakabaki matundu mawili. Siku moja mfanyabiashara mgeni alikuja kuulizia usafiri, akataka kujua kutoka hapa mpaka Geita ni muda gani. Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi.

"Kaulize stendi," Mzee akamjibu.

Alipostaafu walihamia Ushirombo, ambako mkewe alikuwa na kaka aliyewapa sehemu ya kujenga. Tulipigiana simu sikukuu za Noeli na Pasaka. Halafu Mama Masanja akanipigia siku ya kawaida, akaniambia moyo wa mzee unachoka, miguu imevimba, hawezi kutoka kitandani mpaka kwenye kiti bila kushikwa. Nilichukua ruhusa nikaenda.

Nilimkuta sebuleni kwenye kiti cha mbao, miguu imewekwa juu ya stuli, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Nikamwamkia, akaitika marahaba kwa sauti ile ile ya redio. Nikampima presha, nikaangalia dawa zake, nikambonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Alinitazama usoni wakati nafanya hivyo na nadhani alisoma alichotaka kusoma. Mama Masanja aliweka maji jikoni, akasema anakwenda bustanini kuchuma mchicha, tungoje chakula.

Alipotoka, mzee alisikiliza hatua zake mpaka zikaisha.

"Mama Kulwa," akasema, "wewe ulikuwa umenishika shati siku ile. Ulisikia nilivyokuwa natetemeka?"

Nikamwambia sikusikia. Nilikuwa na hasira.

Kisha akasema kwamba haikuwa orodha. Wala hakumfikiria yule mama wa Samuye. Alimkumbuka kesho yake, watu walipoanza kusema. Alikuwa anaogopa. Tangu alipoanza kazi ile alikuwa anaogopa ile mashine, na kila ilipopaa alikuwa anahesabu dakika kwa hofu mpaka asikie redioni kwamba imetua upande wa pili. Ndiyo maana alizijua vizuri. Siku ile alijiambia apande. Aliiambia miguu. Miguu haikwenda.

"Mwanangu ananiita," akasema, "na mimi naogopa kupanda ngazi ya hatua tatu."

Nimekaa na watu wanaokufa muda mrefu, najua maneno ya kuwaambia. Nilimuuliza tu kama Mama Masanja anajua.

Akatikisa kichwa. Alisema alitaka kumwambia ndani ya basi, pale Tinde, akashindwa kwa sababu walikuwa bado wana matumaini. Akataka kumwambia baada ya maziko, akakuta watu wameshampa mkewe maneno mengine ya kushikilia, na ameyashika. Akaona akiyatoa hayo mkononi mwake hana cha kumpa badala yake. Hakulia. Alikuwa ananitazama kama anayengoja mtu mwingine aamue.

Mama Masanja alirudi na mchicha kwenye beseni. Chakula kikaiva. Alileta ugali, mchicha wa karanga na vipande viwili vya sato, kikubwa akaniwekea mimi mgeni. Akapiga goti na jagi la maji, akaanza kumnawisha mumewe mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja, kwa sababu na mikono nayo ilikuwa imevimba.

Alikuwa anaongea na mimi huku akimnawisha. Alisema watu wa Ushirombo wakisikia habari ya Masanja humuuliza kama hakumkasirikia baba yake. Kuna siku alitaka kukasirika, alisema, hawezi kudanganya. Lakini kila alipotaka kuanza alijiuliza angemtazamaje yule mama mwenye mtoto mgongoni.

"Sina mtoto, Mama Kulwa. Nina mume wa haki," akasema. "Wewe ulikuwapo. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye beseni. Mzee wa Uwanja hakuinua kichwa. Aliiacha mikono yake ndani ya mikono ya mkewe, akangoja.

"Ndivyo ilivyokuwa," nikasema.

Mama Masanja akamkausha vidole kwa pindo la kitenge chake, akamsogezea sahani. Tukasali, tukala.